Msahafu wa bibi, Gita ya Wahindi na tuisheni ya mdogo wangu

Haya wadau, leo sina picha za Kibirizi wala habari za bei ya dagaa. Niko nyumbani Ujiji, mazoezi ya kufundisha yananitoa jasho, na nyumba nzima inabishana. Mimi ndiye nimetakiwa nitoe hukumu. Eti kwa kuwa ndiye mwalimu wa ukoo. Cheti chenyewe bado!

Mambo yako hivi. Mdogo wangu yuko kidato cha nne, mtihani Novemba. Baba mdogo ametamka kwamba dogo aache madrasa ya jioni mpaka amalize, jioni zote ziende tuisheni ya hesabu na fizikia. Bibi amekataa katakata. Bibi ni Mmanyema wa Ujiji hasa, wale wa kanga mbili na mgebuka wa mawese, na msahafu wake uko juu ya marufaa pale pembeni ya kitanda tangu sijazaliwa. Macho yamepungua nguvu, kwa hiyo siku hizi dogo ndiye anayemsomea baada ya Magharibi. Baba mdogo akitaka dogo aache, anataka na bibi aache, hata kama mwenyewe hajaliona hilo.

Hoja ya baba mdogo si ya kipuuzi, naomba nimtendee haki. Anasema: mtoto anasoma Kiarabu asichokielewa, bibi anasikiliza Kiarabu asichokielewa, saa moja na nusu imekwenda, na hesabu za logarithimu ziko palepale. Mungu, anasema, hana haja ya kasuku.

Na huku kwetu fani ya elimu tunafundishwa karibu hivyohivyo. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza anamjua Bloom na ngazi zake za mwaka 1956, na kukumbuka tu iko chini kabisa. Kukariri ni dhambi yetu kubwa. Kila nikiingia darasani nakutana na watoto wanaosoma aya nzima ya Kiingereza kwa sauti nzuri kabisa, ukiwauliza imesema nini wanaangalia dirishani. Kwa hiyo ningetegemewa niwe upande wa baba mdogo moja kwa moja.

Siko upande wake. Na kilichonivuta huko sikukipata Ujiji, nilikipata kwa Wahindi.

Chuoni tulipangwa kundi moja la semina na binti mmoja wa Kigujarati wa Dar. Tulizoeana kwa njia ya kawaida ya kampasi, yaani njaa ya kabla ya bumu kuingia. Siku moja nikamwuliza kwa nini akiwa likizo hapatikani kwenye simu baada ya chakula cha usiku. Akasema huo ni muda wa ghar sabha, baraza la nyumbani. Familia inakaa chini, mmoja anafungua kitabu, anasoma kipande, wanakizungumza kidogo, wanaimba, wanalala. Kila siku. Nikamwuliza, hata siku ya mtihani? Akaniangalia kama nimeuliza kama siku ya mtihani huwa wanakula.

Basi nikaanza kusoma juu ya watu wake. Hao ni Wavaishnava, Wahindu wanaomwabudu Mungu kwa jina la Vishnu, wengi wao kwa sura ya Krishna au Rama. Wazee wetu waliwaita Mabaniani tu, wakaishia hapo. Tumeishi nao karne nzima na zaidi, tumenunua kwao kanga na mabati, na sidhani kama wengi wetu tunaweza kutaja kitabu chao kimoja. Mwenye kutaja atataja Bhagavad Gita, ile yenye sura 18 na aya 700, Krishna akizungumza na Arjuna juu ya gari la vita. Sawa. Ila kuna kingine kikubwa kuliko hicho kwa urefu, Bhagavata Purana, juzuu 12, aya zinazohesabiwa kuwa 18,000. Humo ndimo nilimokutana na baba mdogo wangu.

Msicheke. Kuna mfalme jeuri anaitwa Hiranyakashipu, adui wa Vishnu. Ana mtoto, Prahlada. Anampeleka kwa walimu akasome mambo ya utawala, ya kumsaidia maishani. Siku moja anampakata mwanawe na kumwuliza ni kitu gani bora katika yote aliyojifunza shuleni. Mzazi gani hajawahi kuuliza hivyo? Mtoto anajibu kwamba bora kuliko vyote ni ibada ya Vishnu, na anaitaja kwa njia tisa: ya kwanza kusikiliza habari zake, ya pili kuziimba, ya tatu kumkumbuka, mpaka ya tisa ambayo ni kujitoa mzima mzima. Baba anawaka. Anamgeukia mwalimu, mmemfundisha nini mwanangu! Na mwalimu maskini anajitetea kwamba hayo hayamo kwenye somo lake. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu maktaba. Mwalimu wa miaka hiyo naye alikuwa na mzazi wa kumtisha.

Lakini angalieni mpangilio wa Prahlada. Kusikiliza kumewekwa kwanza, kabla ya kusujudu, kabla ya kutumikia. Kitabu chenyewe kimejengwa hivyo. Mfalme Parikshit amelaaniwa kufa kwa kuumwa na nyoka baada ya siku saba. Anaacha ufalme, anakwenda kuketi ukingoni mwa mto Ganges, na badala ya kutafuta dawa ya nyoka anatafuta mtu wa kumsomea. Anakuja kijana mwenye hekima, Shuka, anamsimulia siku zote saba. Bhagavata karibu yote ni masimulizi hayo. Mpaka leo Wavaishnava wana desturi ya kukisoma hadharani kwa siku saba mfululizo, wanaiita saptah, watu wanakuja na mikeka na watoto kusikiliza.

Sasa tulinganishe na kusoma kwetu sisi wanachuo. Tunapiga msuli wiki mbili kabla ya UE, tunamalizana na desa, tunaingia chumba cha mtihani, tunatapika, tunasahau. Sisemi ni vibaya, ndivyo mfumo ulivyo, asiyetapika anadisko. Ila kusoma huko kuna mwisho, na mwisho wake ni alama. Ukishaipata alama, kitabu kimekufa. Parikshit hana mtihani wowote. Anakufa siku ya saba aelewe asielewe. Anasoma kwa sababu hiyo ndiyo namna anayotaka kuwepo hapa duniani katika siku zilizobaki. Nadhani ndicho anachokifanya bibi, na wala hajawahi kumsikia Parikshit.

Baba mdogo atasema: lakini Parikshit alielewa lugha! Kweli. Ndiyo maana nataka kuwapa kisa cha pili, na hiki ndicho kilichonimaliza.

Chaitanya alizaliwa Bengal mwaka 1486, ni mmoja wa vinara wakubwa wa Wavaishnava, na kundi la Hare Krishna ambalo baadhi yenu mmeliona Nairobi linajihesabu katika ukoo wake wa kiroho. Katika safari zake za kusini mwa India alifika Srirangam. Kwenye hekalu la pale palikuwa na brahmini mmoja aliyekuwa akija kila siku kusoma Gita yote kwa sauti. Tatizo, hakuijua Kisanskriti. Matamshi yalikuwa hovyo, makosa kila mstari, na watu walikuwa wanamcheka waziwazi. Yeye anaendelea tu, machozi yanamtoka, mwili unamtetemeka. Chaitanya akamwuliza ni maana gani hiyo inayompa furaha kiasi hicho. Akajibu kwamba maana ya maneno haijui kabisa. Mwalimu wake wa dini alimwambia asome, naye anasoma. Na kila akisoma anamwona Krishna amekaa kwenye gari, ameshika hatamu, anamwongoza Arjuna. Hapo ndipo machozi yanapotoka. Chaitanya akamkumbatia, akamwambia kwamba yeye ndiye mwenye haki ya kuisoma Gita.

Nilimsimulia bibi kisa hiki juzi, tukiwa uani tunachambua mchele. Nilitegemea atasema hizo ni habari za makafiri nisimletee. Akanyamaza, akaokota chuya mbili tatu, akauliza, "Na wale waliokuwa wakimcheka, walikuwa wanalia na wao?" Nikasema hapana bibi, hao walikuwa wanajua lugha. Akasema, "Mh." Ndiyo basi. Mh ya bibi wanaijua wanaoijua.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi kusoma bila kuelewa kunatosha. Kama kisa cha brahmini kingekuwa ndicho peke yake, ningesema Wavaishnava wanatetea uvivu. Hawatetei. Chukua jamaa wa Swaminarayan, ambao tunawaona kati ya Wagujarati wa Afrika Mashariki. Kitabu chao, Vachanamrut, ni mazungumzo yaliyonukuliwa kati ya 1819 na 1829, mazungumzo 262, au 273 kwa hesabu ya matoleo mengine. Hayako kwa Kisanskriti, yako kwa Kigujarati, lugha ya sokoni na jikoni. Na yameandikwa kama daftari la mwalimu mzuri. Kila mazungumzo yanaanza na tarehe, mahali, Swaminarayan alikaa wapi, alivaa nini, nani walikuwepo. Halafu mtu anauliza swali, jibu linakuja, swali linarudi. Mimi kama mtu wa elimu nilipoona hivyo nilisema hii ni semina! Tena semina ambayo watu wanauliza kweli, siyo zetu za kungoja mmoja aseme wote watikise kichwa.

Tena, na hili lilinishangaza, jamaa wa BAPS, ambao ni tawi moja la Swaminarayan, wana mitihani ya vitabu vyao vya dini, watoto kwa wazee, mtu na bibi yake wanakaa kufanya mtihani. Kwa hiyo hata ile hoja yangu ya hapo juu kwamba kusoma kwa ibada hakuna mtihani ina nyufa, naiacha hivyohivyo mniadhibu.

Ila kuna kitabu chao kingine kifupi, Shikshapatri, aya 212, kimeandikwa Vadtal mwaka 1826. Nakala moja ya mwandiko alipewa Sir John Malcolm, gavana wa Bombay, mwaka 1830, na leo iko Oxford. Mwishoni mwake kuna agizo lenye ngazi tatu. Wafuasi wasome kitabu hiki kila siku. Asiyejua kusoma asikilize kikisomwa. Na akikosekana mtu wa kukisoma, basi wakiheshimu chenyewe kwa ibada kila siku. Mnaona alivyofanya? Hakumwacha mtu nje. Msomi ana ngazi yake, asiye na macho wala herufi ana ya kwake, na aliyeko porini peke yake ana ya kwake. Bloom ana ngazi sita, lakini mtu asiyejua kusoma sijui angemweka wapi.

Na porini peke yake si maneno ya kupamba. Sisi wa mwisho wa reli tunapaswa kulielewa hili kuliko wengine. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na baada ya Waingereza kushika nchi, makarani na mastesheni masta wengi wa reli za Afrika Mashariki walikuwa Wahindi. Hebu fikiria kijana wa Gujarat kawekwa kwenye kituo kidogo katikati ya nyika, treni chache kwa wiki, hakuna hekalu, hakuna kiongozi wa dini, hakuna wa kumsalimia kwa lugha yake. Historia ya satsang ya BAPS huku kwetu imeanza kwa watu wa namna hiyo, wafanyakazi wa reli, miaka ya 1920 na kuendelea. Hekalu lao la kwanza Afrika lilikuja kufunguliwa Mombasa mwaka 1955, Yogiji Maharaj alipokuja. Yaani miongo mitatu hivi kabla ya hekalu. Walishikilia nini muda wote huo? Vitabu, barua kutoka India, na kukutana wachache siku ya mapumziko kusomeana. Halafu mwaka 1972 Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90. Maduka yalibaki, nyumba zilibaki. Wengi waliishia Uingereza, na hekalu kubwa la Neasden, London, lililofunguliwa 1995, limejaa watu ambao kumbukumbu zao za utoto ni za Kampala, Jinja, Mombasa na Dar. Mtu aliyezoea kusoma nyumbani kila usiku ana kitu ambacho askari wa mpakani hawezi kukikuta kwenye sanduku.

Na kama mnaona natafuta mifano mbali, tuje hapahapa. Wote mmefika pale kwenye mwembe wa Livingstone, au mmepelekwa na shule mkaandika insha. Tunaambiwa tu habari ya Stanley na salamu yake ya 1871. Hatuambiwi kwamba yule mzee aliandika kwenye shajara yake kuwa akiwa Manyema alisoma Biblia nzima mara nne. Mara nne! Alikuwa mgonjwa, vidonda miguuni, karatasi zimekwisha mpaka anaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa kujitengenezea. Mnaweza kumsema mnavyotaka kuhusu yale mengine, na mimi nina yangu, lakini kuhusu kusoma hana deni. Na Manyema ndiko walikotoka wazee wa bibi.

Basi hukumu yangu nimeshaitoa, nimeitoa jana mbele ya baba mdogo, kwa heshima zote, shikamoo kwanza.

Nimemwambia tuisheni iendelee, hesabu ni hesabu, na dogo kweli logarithimu hazimpendi. Nimemwambia pia kwamba madrasa ya jioni tano kwa wiki inaweza kupungua mpaka Novemba, ustadhi mwenyewe nimemfuata na ameridhia jioni mbili. Lakini kile kisomo cha bibi baada ya Magharibi hakiguswi. Nusu saa tu. Na kwa kuwa hoja yako baba mdogo ni kuelewa, tumeongeza kitu: dogo akimaliza kurasa zake mbili za Kiarabu, anasoma na tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ile ya mwaka 1969, Kiswahili safi kabisa, aya chache tu, na bibi anauliza swali moja. Swali moja tu. Kitabu kiko kabatini kwetu miaka yote, kinafutwa vumbi kila Idi.

Baba mdogo akauliza hiyo nusu saa itamwongezea alama ngapi. Nikamwambia haitamwongezea hata moja. Sikutaka kumdanganya kwa zile hoja za kwamba watoto wa dini wanafaulu zaidi. Mimi nachukia hoja hizo. Ukimwambia mtoto asome kitabu cha Mungu ili apate divisheni wani, umemfundisha kwamba hata Mungu ni desa. Siku akifeli atavitupa vyote viwili.

Kwa hiyo tumekaa siku ya kwanza jana usiku. Umeme ulikatika, tukawasha tochi ya simu. Dogo kasoma, katafsiri aya nne za mwanzo wa sura ya Mariamu, na bibi akauliza kwa nini Zakaria alimwomba Mungu kwa sauti ya chini, kwani Mungu si anasikia zote? Dogo hakujua. Mimi nikajifanya natafuta chaja. Baba mdogo, aliyekuwa mlangoni anajifanya anaondoka, ndiye aliyejibu, akarudi ndani akajibu na lingine ambalo halikuulizwa, mpaka dogo akaanza kusinzia.

Leo tena saa moja. Nami nina maandalio ya vipindi vitatu vya kesho, na mwalimu wa kunikagua anakuja muda wowote wiki hii, niombeeni. Wa Mwanga na Gungu mliosema mtanitembelea, njooni Jumapili, migebuka ipo.